Pijo Isiyowaka kwa Kusukumwa

Mama Tadei,

Betri nimeibeba kwa baiskeli, naipeleka karakana ya shamba la ngano ikachajiwe. Chai ya majirani waliosukuma iko kwenye chupa. Mzee Hhando mpe wa kwanza, umpe na shikamoo yangu. ~~Waambie gari limeharibika.~~ Waambie ukweli: Pijo yetu haitawaka tena kwa kusukumwa, hata wakiisukuma mpaka kule Dirma.

Nilikuwa nawaza huku tunasukuma. Giaboksi ya zamani ilishikana na injini chuma kwa chuma. Magurudumu yakizunguka, injini inaamka. Hii ya otomatiki, niliyoitoa kwenye Pijo mbovu ya wataalamu wa shamba la ngano, inashikana na injini kwa mafuta ya giaboksi, na mafuta hayo hayapati nguvu mpaka injini iwe imeshawaka. Nimelielewa hilo watu wakiwa wameshalowa jasho, na wewe unanicheka.

Halafu nikageuka, kumbe na wewe unasukuma, na mguu wako wa kushoto usiokunjika tangu uvunjike.

Jana uliuliza kwa nini natoa klachi ambayo bado ni nzima, nikaendelea kufungua nati. Klachi inakanyagwa kwa mguu wa kushoto. Hii haina.

Betri ikijaa, dereva ni wewe.

Baba Tadei