Nzige wa Langas

Jumamosi, 22 Desemba 2007
Wimbi la kumi na mbili! Leo mimi na Kipyego tumevunja rekodi ya duka. Jina halisi la huu mchezo wa video limeandikwa kwa Kijapani ubavuni mwa mashine, na mtaa mzima wa Langas hakuna wa kulisoma, kwa hivyo sote tunauita Nzige. Ndege yako ndogo iko chini inalinda shamba, nzige wanashuka wimbi baada ya wimbi. Basi, ni hayo tu. Lakini ukishaanza!

Foleni huwa ndefu, kwa hivyo Idris mwenye duka ameweka sheria: mashine moja, watu wawili. Mmoja anashika gia ya kuendesha, mwenzake kitufe cha kupiga. Mimi ni wa gia. Kipyego, akimaliza kushusha maziwa ya kutoka kwao Burnt Forest, ni wa kitufe. Hatuongei. Nikienda kushoto anajua tu. Leo nilitaka tusimame kidogo nimalize chai yangu, duka zima likanicheka. Nzige haina kusimama. Ukiachilia, shamba limeliwa.

Alhamisi, 10 Januari 2008
Showground. Kambi ya waliokimbia. Hema moja, familia mbili. Mama mzima, mimi mzima. Nyumba hakuna, cherehani hakuna, vilichomwa Jumanne ya mwaka mpya, kwa zile ghasia za uchaguzi. Duka la Idris lilichomwa pia, ameniambia jirani — mashine iliyeyuka upande mmoja. Nililia kwa ajili ya mashine. Nyumba sikuililia!

Simu ilibaki ndani ya nyumba, na namba ya Kipyego ndani ya simu. Wanasema vijana wa Burnt Forest waliziba barabara kwa mawe. Vijana gani? Sitaki kuandika zaidi.

Jumamosi, 14 Juni 2008
Mama yuko Nyahururu kwa mjomba. Mimi nimebaki, nashona sare za shule kwa mtu hapa mjini. Na leo nimempata Idris! Ana kibanda cha redio na TV za mitumba nyuma ya soko. Aliponiona alicheka mpaka akakaa.

Anayo Nzige ya kaseti, ile kaseti ya manjano unachomeka kwa kimashine, unacheza kwa TV. Watu wa Langas wanamuuliza kama ni sawa na ile ya zamani. Ameniomba nimpe jibu, eti mimi ndiye mtaalamu. Haya. Si sawa. Nzige ni saba kwa mstari, zamani walikuwa kumi na wawili. Wakijaa wanamwekamweka kama balbu inayotaka kuungua. Shamba ni mstari wa kijani tu, mahindi hayaonekani. Sauti ya mbawa hakuna. Nimekufa wimbi la tatu. Kaseti ni takataka, na ninaipenda kidogo.

Jumatano, 9 Julai 2008
Leo ya PlayStation, kwa CD. Mahindi yapo! Mbawa zilipolia nywele zilinisimama. Ila unangoja CD izunguke wee, na badala ya gia kuna ile padi ya kushika kwa mikono miwili, laini kama sabuni. Tena inachelewa kupiga, nimeona kwa macho yangu. Wimbi la tatu, nimekufa.

Idris ameuliza kama nimesikia chochote cha Kipyego. Nikamwambia CD ina mikwaruzo.

Jumapili, 19 Aprili 2009
Mtu wa cyber, wa kompyuta za kukodi, amemwekea Idris mchezo kwa kompyuta. Safari hii si mfano wake. Ni wenyewe! Kijapani kipo. Hata yule nzige mmoja wa wimbi la pili anayeruka kinyume na wenzake, tuliyekuwa tunamwita Mlevi, yupo. Nilimsalimia kwa sauti, mbele ya wateja.

Wimbi la tatu nikafa. Mara nane! Nikaanza kulaumu kibodi. Idris akaweka redio aliyokuwa akiifungua kando, akasema taratibu, “Dada, wewe hujawahi kupiga. Aliyekuwa anapiga ni Kipyego.”

Nimetoka bila kuaga. Mwaka mzima nahukumu mashine za watu, kumbe nusu ya mchezo siijui. Na nimemkosa yule mtu. Haya, nimeandika. Nimemkosa sana, na naogopa kumuuliza alikuwa wapi.

Jumatatu, 20 Aprili 2009
Nimempa dereva wa pikapu ya maziwa karatasi ampelekee. Nimeandika: “Nzige wamefika wimbi la tatu. Hakuna wa kupiga. Niko kwa Idris kila Jumamosi.” Sasa najuta. Nikimbilie pikapu? Imeshatoka mjini.

Jumamosi, 25 Aprili 2009
Hajaja.

Jumamosi, 9 Mei 2009
Amekuja. Amekonda, ndevu zimetoka. Ameleta maziwa lita mbili, akayaweka mezani, akabaki akifuta meza kwa kiganja. Idris ndiye aliyetuokoa. Akawasha PlayStation, akatupatia padi moja. Hakuna gia, hakuna mashine ya kusimama mbele yake, tumebanana kwa benchi. Mimi nikashika upande wa kushoto wa padi, wa kuendesha. Yeye wa kulia. Wimbi la tatu likapita! La nne. La sita. CD haichelewi hata kidogo, niliisingizia.

Wimbi la tisa nikauliza, macho kwa TV, “Ile Jumanne ulikuwa wapi?”

Kidole chake kikaacha kupiga. Nzige wakashuka wote. Mimi nikaendelea kukwepa, kushoto, kulia, kushoto.

“Nilikuwa kwa barabara, Njambi,” akasema. “Mawe nilibeba. Baadaye nikakutafuta, nikafika mpaka geti ya Showground. Kuingia nikashindwa.”

Imebaki ndege moja. Idris akainama katikati yetu, akabonyeza kitu, kila kitu kwa TV kikaganda, nzige hewani. Akasema anaenda kuswali Alasiri, tumchungie duka.

Sasa tumekaa. Kipyego anaona naandika, hajauliza naandika nini. Nina hasira, na nimefurahi amekuja, yote mawili, wala sijui nianze na lipi. Naandika na mkono wa kulia. Wa kushoto uko kwa padi, na wake bado uko upande wa pili.

Kwa hiyo Nzige hii inaweza kusimama. Mwaka mzima sikujua. Ile ya Langas haikuwa na kitufe cha kusimamisha.