Shamba la Karibu na Shule

Drenthe, 4 Februari 2019

Baba mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Huku hatujambo, ila mafua hayataki kuwaachia watoto. Wewe na shangazi Trijn mnaendeleaje huko kisiwani? Goti lako limepata nafuu?

Nina habari, na ni heri uisikie kwangu kuliko kwa majirani. Mwaka huu sipandi mayungiyungi kwenye shamba la karibu na shule. Baada ya misimu mitatu sitayapanda popote. Tutabaki na maua ya tulipu, tena bila kuyapulizia dawa ya wadudu.

Aliyenifikisha hapa ni Zbyszek. Kwa miaka kumi na minne amekuwa akituchanganyia dawa, na hajawahi kulalamika. Mwezi uliopita alisimama mlangoni pa ofisi, kofia mkononi, akaniuliza, "Bosi, mwanao akikua, utampa kazi yangu?" Siku chache baadaye mwalimu mkuu akanieleza kwamba kila Juni, tunapopuliza, wanafunga madirisha yote ya shule, hata joto likiwa kali vipi.

Mnunuzi wetu mkubwa amenuna. Harm, dereva wa trekta la kupulizia, anapita akisema nimegeuka mkulima wa magugu. Nimewaahidi wafanyakazi kwamba simwachishi mtu kazi. Tukibanwa, mshahara wa kwanza kukatwa ni wangu. Faida naitaka, Baba, sijachanganyikiwa. Ila siwezi kuitafuta kupitia vifua vya watoto wa jirani.

Niandikie unavyoona.

Binti yako,
Hilje


Vlieland, 15 Februari 2019

Hilje,

Sisi wazima. Goti ni lile lile. Trijn anawasalimu.

Barua yako nimeisoma mara mbili nikidhani miwani inanidanganya. Babu yako alianza na mchanga uliokataa hata viazi. Mayungiyungi ndiyo yaliyojenga nyumba unayolala, ndiyo yaliyokusomesha hadi ukajua kunifundisha mimi. Dawa? Nimepuliza miaka arobaini, shati la mikono mifupi, mkate mfukoni, na bado nala na kulala. Wewe endelea na wema wako. Ukishafunga milango, huyo Zbyszek atarudi Poland na hewa safi mifukoni.

Kama unatafuta baraka zangu, hazipo.

Baba yako


Drenthe, 20 Mei 2019

Baba mpendwa,

Hii ni barua ya tatu bila jibu. Simu anapokea shangazi tu, kila mara anasema umetoka kutembea. Natumaini u mzima, hata kama umenikasirikia.

Sitakuficha: mnunuzi ameondoka. Tulipu zimetoka fupi, na nusu ya shamba la kaskazini imeoza. Niliwaita wafanyakazi wote kwenye ghala, nikawaeleza hali ilivyo bila kupamba. Tulibishana tangu kahawa ya asubuhi hadi chakula cha mchana. Mwishowe wakakubali kuacha kazi ya Ijumaa na malipo yake, wote, ili asiondoke hata mmoja. Harm peke yake hakuja. Alibaki nje, ndani ya trekta.

Shuleni sasa madirisha yapo wazi. Kuna siku najiona mjinga, Baba. Hata ukinigombeza, niandikie.

Binti yako,
Hilje


Vlieland, 2 Septemba 2019

Mwanangu Hilje,

Salamu. Usishtuke kuona mwandiko wa shangazi yako. Mimi nasema, yeye anaandika.

Hasira ziliniisha baada ya wiki mbili. Kilichonizuia muda wote huu ni mkono. Ile barua ya Februari niliiandika mkono wa kushoto ukiwa umeushikilia wa kulia usitetemeke. Nilijiambia ni baridi. Sasa siwezi kufunga kifungo cha shati, na kahawa nainywa kwa mrija kama mtoto.

Daktari aliniuliza nilikuwa nafanya kazi gani. Nikamwambia, maua. Akaweka kalamu chini. Anasema ni Parkinson, ugonjwa wa neva unaotetemesha mwili; hawezi kuapa kwamba imeletwa na dawa, lakini wakulima kama mimi amewaona wengi mno.

Wale wanaume wa shambani walipuliza dawa kwa amri yangu, na Harm nilimfundisha mwenyewe. Nilimwambia glavu ni za wanawake. Trijn hataki niseme hivi, nimemwambia aandike tu. Wasomee barua hii wote.

Baba yako,
Berend


Drenthe, 29 Septemba 2019

Baba yangu,

Natumaini barua hii inakukuta ukiwa na nguvu kidogo. Sisi tuko salama.

Barua yako niliwasomea wote kwenye ghala. Harm, ambaye safari hii alikuwa ndani, ndiye aliyeinuka kwanza nilipomaliza. Akasema, "Mzee angeweza kunyamaza." Kisha akaniomba namba ya daktari.

Wamekwenda wanane kupimwa. Zbyszek yuko salama. Majibu ya Harm bado hayajatoka, na trekta la kupulizia amelitoa mwenyewe uani, akasema liuzwe. Mwenye maduka ya maua mjini Groningen ameahidi kuchukua tulipu zetu msimu ujao, fupi hivyo hivyo. Ijumaa bado hatufanyi kazi. Tutasimama au tutaanguka, sijui.

Nilikasirika nawe siku nzima kwa kunificha. Kisha nikafungasha mizigo.

Jumamosi nakuja na meli ya asubuhi. Usimsumbue shangazi kunijibu. Kaa na shati lako wazi, nitalifunga mimi.

Mwanao,
Hilje