Nani Amemfundisha Mume Wangu "Tell"?

Jumatatu, 3 Februari
Madaftari ya darasa la sita tena. Nusu ya wanafunzi wameandika "He said me." Nimeeleza mpaka koo likakauka: tell lazima ifuatwe na mtu, say haimhitaji. Hata Kiswahili ni hivyo hivyo. Kusema, unaweza kusema peke yako. Kuambia, lazima awepo wa kuambiwa.

Jioni binti yetu Akiru akamwendea baba yake: "Daddy, Mama said me nikuite." Ekal akamrekebisha. "Told me." Ekal, dereva wa lori, ambaye tangu tuoane hataki kusikia Kiingereza changu mezani. Nani amemfundisha?

Jumatano, 5 Februari
Amechelewa. Eti lori liko gereji. Shati limepigwa pasi. Gereji gani hiyo?

Nikamtega. Nikasema "He said to me" kana kwamba nimekosea. Akajibu hiyo ni sawa, kwa sababu ya ile "to". Haya ni maneno ya mwalimu, na mwalimu mwenyewe si mimi. Afadhali angerudi ananukia manukato.

Ijumaa, 7 Februari
Nimepita darasani kwa Madam Rukia, mwalimu mwenzangu. Ubaoni: say, tell, na mfano wa "said to me". Ofisini akaniona, akageuza macho. Kumbe. Leo nimechukia hata kikohozi chake.

Jumamosi, 8 Februari
Nimeenda nyumbani kwa Rukia, mtaa wa Bulla Pesa, bila kupiga simu. Ekal yuko sebuleni. Mama yake Rukia yuko hapo hapo, anachambua mchele. Aibu ikanishika kidogo, si sana.

Rukia akasema, "Madam, mimi nilimwambia akuambie."

Ekal akaangalia chini. "Ni kazi ya dereva, Qatar. Watanipigia Jumanne, maswali ni ya Kizungu. Ni miaka mbili tu."

Kwa hiyo hakuna mwanamke. Nimerudi kwa miguu nikitamani angekuwepo. Mwanamke ningepigana naye.

Jumapili, 9 Februari
Kanisani nimekaa tu, sikuomba. Baada ya chakula Ekal ameniomba nimmalizie mimi masomo. Anasema Rukia ni mpole mno, haoni makosa yote.

Naweza kumfundisha vibaya. Nimgeuzie say na tell, nimharibie na mengine mawili matatu, wamsikie, wamwache na lori lake hapa Isiolo. Hatajua kamwe. Nimemwambia tuanze kesho. Sijui nitafanya nini.

Jumatatu, 10 Februari
Nimemfundisha vizuri. Nina hasira.

Jumanne, 11 Februari
Walipiga nikiwa darasani. Wamemchukua, anaondoka mwezi ujao. Amenisimulia kila swali na kila jibu. Hakukosea hata moja.

Nimepika ugali na sukuma. Akiru hajui mahali pa mbali kuliko Korbesa, ambako lori la baba yake hulala likiwa safarini. Ameniuliza kama Qatar iko mbele ya Korbesa. Nimemwambia ndiyo, mbele kidogo.