Boti ya Rimoti na Mkono wa Kaka Zabroni

Ipyana,
Kyela.
21 Julai 2024

Mpendwa mdogo wangu Ambwene,

Ugonile, gwe. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba baridi ya Durban haijakurudishia kile kifua chako. Sisi huku hatujambo kwa kiasi chetu. Mama anakula vizuri, magoti tu ndiyo yanamsumbua asubuhi mpaka jua lipande. Mpunga tumeshauvuna, na mwaka huu umekauka vizuri. Ndaga fijo kwa mashuka uliyompa binamu yetu Lusungu. Yamevuka mpaka salama, na Mama amekataa kuyatandika, anasema ni ya wageni.

Najua hayo siyo unayoyangoja. Nelson amekutumia sauti kwenye simu akakuambia kwamba Zabroni alitaka kumuua, nawe umeniuliza kama ni kweli. Nimeshindwa kukujibu kwa simu. Jambo hili lina mwanzo wake, na mtu akianzia katikati atamlaumu kaka mmoja na kumwacha mwingine. Ndiyo maana nimekaa nakuandikia, na Lusungu atakufikishia kwa mkono wake.

Nianze na ile boti uliyotutumia. Ilipofika, Zabroni alidhani ni pambo la sebuleni. Binti yake Prisca ndiye aliyeisoma karatasi ya maelekezo na kutufundisha wote: betri ichajiwe mpaka taa iwe ya kijani, rimoti iwashwe kabla ya boti na kuzimwa baada yake, na mfuniko upakwe grisi ukingoni ili maji yasipenye. Tuliijaribu kwanza kwenye mfereji wa mpunga. Propela ikajisokotea nyasi, ikakwama hapo hapo. Jumamosi iliyofuata tukaipeleka ziwani, Mwaya.

Pale ndipo tulipojua kwamba ile si kazi ya kitoto. Boti ikienda mbele inakutii: ukipeleka usukani kulia, inakwenda kulia. Ikigeuka kukurudia, mambo yanapinduka, kulia kwake kunakuwa kushoto kwako. Zabroni aliigongesha kwenye mtumbwi uleule mara nyingi mpaka wavuvi wakaacha kuvuta nyavu wakamtazama. Mama alicheka akajishika mbavu. Nakuandikia hili ili ujue kwamba tulicheka, na kwamba zawadi yako haikuwa na kosa.

Sasa nirudi nyuma, kabla ya boti. Wewe ulishapanda basi tulipokuwa bado matangani kwa baba, kwa hiyo hukuona yaliyotokea ulipokwisha kuondoka. Zabroni alisema shamba la kakao la Makwale litakuwa chini yake lote, kwa kuwa yeye ndiye mkubwa. Nelson akasema baba alimwonyesha upande wa bondeni kwa kidole chake mwenyewe akamwambia ni wake. Nelson alichukua mpini wa jembe akavunja vioo vya madirisha mawili ya Zabroni, waombolezaji wakiwa uani na sahani mkononi. Tangu siku hiyo hawakusalimiana. Kanisani mmoja alikaa safu ya kushoto, mwingine ya kulia, na wote wawili wakiimba kwa sauti kubwa kuliko kawaida.

Boti ndiyo iliyowarudisha pamoja. Nelson alikuja ufukweni siku moja akasimama mbali. Ilipotoka majini akaiokota, akaipindua, akaitazama tumboni kwa muda mrefu, akaiweka chini, akaondoka. Baada ya majuma machache alirudi na ya kwake. Aliichonga mwenyewe pale karakana kwake kwa mbao nyepesi, akailainisha ikawa kama ganda la yai, akatia mota ya drili iliyokufa. Rimoti na kipokezi chake alimwagiza Lusungu kutoka Mzuzu. Ilikuwa nzuri, Ambwene. Lakini ubavuni aliiandika kwa rangi nyekundu: BONDENI.

Zabroni alilisoma neno lile. Akauliza, "Betri yako imechaji?"

Nelson akajibu, "Imechaji."

Hayo ndiyo maneno yao ya kwanza tangu matanga. Mama alijifunika uso kwa kanga.

Kuanzia hapo kila Jumamosi ikawa mashindano. Tulitia maboya mawili ya chupa za maji zilizofungwa mawe, na boti ilitakiwa kuyazunguka yote na kurudi. Mvuvi mmoja, Jubilate, alikuwa akituazima mtumbwi wake na kasia tufuate boti iliyozimika. Kuingia majini kwa miguu tulikatazana kabisa, maana mdomo wa mto hauko mbali na mamba wapo. Mume wangu Godwin alikuwa mwamuzi. Tulikuwa tukipika ndizi pale pale mchangani, na watu walianza kuja kutazama.

Siku ya ugomvi ziwa lilikuwa limetulia kabisa. Zabroni aliiendesha boti yako, Nelson BONDENI yake. Nelson alitangulia boya la kwanza na la pili, akawa anarudi. Zabroni alikuwa nyuma kidogo, naye akageuza. Boti zote mbili sasa zilikuwa zinatujia. Ghafla boti yako ikakata kona, ikaenda moja kwa moja ubavuni mwa BONDENI kwa mwendo wake wote. Tulisikia mlio wa mbao kupasuka. BONDENI ikalala upande, yale maandishi mekundu yakatazama juu kidogo, halafu ikazama.

"Umeipiga makusudi," Nelson akasema. Hakupaza sauti.

"Nimekosea upande."

"Miezi yote hukosei, leo ndiyo unakosea?"

"Boti ni boti, Nelson. Chonga nyingine."

"Na shamba nalo nichonge jingine?"

Godwin aliwaingilia kati akawaomba waache. Pengine yangeishia hapo. Lakini Zabroni, huku amempa Nelson mgongo, akasema, "Shamba la baba halipewi mtu ambaye baba anakata roho yeye hayupo."

Wewe unajua Nelson alikuwa wapi siku ile. Alikuwa Mbeya akitafuta dawa ya baba.

Kasia la Jubilate lilikuwa limelala ukingoni mwa mtumbwi. Nelson alilinyakua kwa mikono miwili, na Zabroni alipogeuka kumtazama, likampata shavuni. Nilisikia mlio kama wa ganda la kakao linapopasuliwa. Zabroni alianguka magoti, akatema meno kwenye mchanga, damu ikamtiririka shingoni ikaloanisha shati lote. Nelson alinyanyua tena kasia. Godwin akalidaka, akasukumwa kwa kiwiko cha puani, akakaa chini.

Nelson angempiga mara ya pili kama Zabroni asingemvamia miguuni. Waliviringishana mpaka majini. Wewe unamkumbuka Zabroni alivyo, mtu wa kubeba magunia mawili ya kakao kwa mpigo. Alimkalia Nelson mgongoni, akamshika kisogo, akakizamisha kichwa chake kwenye maji ya magotini. Hakuwa anapiga kelele. Damu yake ilikuwa ikidondoka juu ya mgongo wa mdogo wake, naye alikuwa akikandamiza tu, uso wake umetulia kama mtu anayekanda unga.

Prisca alimng'ang'ania baba yake kiunoni akimvuta. Alimtupa pembeni kwa mkono mmoja bila kumtazama. Nilimpiga mgongoni kwa ngumi. Nilimng'ata sikio mpaka nikaonja damu. Nilimwita kwa jina lake la utotoni. Nelson alikuwa akirusha miguu, halafu akawa anarusha mmoja, halafu maji yakatulia.

Nililiona kasia linaelea. Nikalichukua, nikainua juu kadiri nilivyoweza, nikampiga Zabroni kwenye mkono ule aliokandamizia, chini ya kiwiko. Ulivunjika mara moja. Niliusikia kwenye viganja vyangu kabla ya kuusikia masikioni. Akaniachia, yaani akamwachia Nelson, akanitazama kama mtu aliyeamshwa usingizini, akauliza, "Anyes, unafanya nini?"

Jubilate alikuwa amekwisha kufika mbio. Alimtoa Nelson majini kwa kumburuta miguu, akamlaza kifudifudi, akamkandamiza mbavu. Maji yalimtoka mdomoni na puani, mengi, pamoja na mchanga. Alipokohoa mara ya kwanza nilikaa chini.

Kwa hiyo ukiniuliza kama Zabroni alitaka kumuua Nelson, jibu ni ndiyo. Na Nelson alitaka kumuua Zabroni kabla yake. Mmoja alianza na kasia, mwingine akamalizia na maji, na aliyewazuia ni mimi niliyemvunja mkono kaka yangu mkubwa.

Hospitali waliwalaza wodi moja, kwa kuwa ya wanaume ilikuwa hiyo tu. Walikaa wakitazama ukuta. Mama alipofika aliwatazama wote wawili, akagusa plasta ya Zabroni, akauliza, "Nani amemvunja?"

Nikasema, "Mimi, Mama."

"Ungevunja na wa pili," akasema, akaenda kwa Nelson, akazitazama zile alama nyeusi za vidole shingoni. Halafu akampiga Nelson kofi. Akarudi akampiga Zabroni kofi, kwenye shavu lile lililoshonwa. Muuguzi alikuja mbio kumtoa. Akatoka mwenyewe, polepole, kwa magoti yake yale.

Nelson alisema atakwenda polisi. Zabroni naye akasema aende, atamkuta huko huko. Nyumbani hatukulala kwa amani. Mke wa Nelson alificha visu vya karakana. Mke wa Zabroni alianza kufunga mlango mchana. Mimi nilipopita njiani watu walinyamaza, na wanawake wengine walinitazama mikono.

Wakati huohuo kakao iliiva. Zabroni na mkono mmoja hakuweza kukata na kushika kapu, na siku zilivyokwenda matunda yakaanza kuwa meusi mitini. Mimi na Prisca tulikwenda kumsaidia kadiri tulivyoweza.

Jumatano iliyopita nilikuwa kwenye maboksi ya kuchachushia, nageuza mbegu chini ya majani ya migomba, nikamwona Nelson anaingia shambani kwa njia ya bondeni. Alikuwa peke yake. Mkononi alikuwa na panga, nalo lilikuwa limenolewa, liliwaka kila alipopita penye jua. Hakunisalimia. Alielekea moja kwa moja alikokuwa Zabroni.

Nilikimbia, Ambwene. Nilijikwaa kwenye maganda nikaanguka, nikaamka nikakimbia tena, na sikuwa na kitu mkononi safari hii. Nilichofikiri ni kwamba Mama atazika wawili kwa jeneza moja.

Nilipowafikia, Zabroni alikuwa amesimama, mgongo kwenye mti, kapu mbele yake. Hakukimbia wala hakuinua mkono wake mzima. Nelson alikuwa hatua chache mbele yake. Akanyanyua panga. Akakata tunda lililokuwa juu ya kichwa cha Zabroni, likadondoka. Akakata la pili. Akahamia mti mwingine.

Nilibaki nyuma ya mgomba, nimejishika mdomo. Walifanya kazi hivyo kwa muda mrefu, mmoja anakata, mwingine anaokota kwa mkono mmoja. Nilikuwa karibu kuondoka Zabroni aliposema, kwa yale meno yaliyobaki:

"Siku ile nilikosea upande. Ni kweli nilikosea. Halafu nikaona nimekosea, muda wa kurudisha usukani ulikuwepo, na sikuurudisha."

Panga lilisimama hewani. Nelson hakugeuka. Niliona mgongo wake unapanda na kushuka, na vidole vyake vikikaza kwenye mpini. Zabroni hakusogea.

"Baba alikufa ananiuliza uko wapi na dawa," Zabroni akaongeza. "Sikukuambia."

Nelson akashusha panga kwenye kikonyo cha tunda, taratibu, likakatika.

"Sogeza kapu," akasema.

Hawajapatana, nisikudanganye. Wamekubaliana jambo moja tu, na walilisema kila mtu kwa wakati wake kwa Mama: kwamba shamba litapimwa wewe ukiwepo, na kwamba kabla ya hapo hakuna atakayeweka mpaka. Boti yako imepasuka pua, Prisca ameiziba kwa gundi, na sasa yeye na Godwin wanawafundisha kuiendesha watoto wa kule Ndandalo wanaokuja ufukweni. Kasia nimemnunulia Jubilate jipya. Lile la zamani hakulitaka tena.

Uliandika kwamba utatuma boti ya pili. Usiitume. Panda basi wewe mwenyewe, mapema uwezavyo, wakati bado wanavumiliana.

Mama anakusalimu, anasema amekuandalia chumba cha nyuma na yale mashuka yametandikwa. Godwin anakusalimu, pua imepona ila imepinda kidogo. Prisca anakusalimu sana. Zabroni na Nelson hawakunituma salamu, lakini wote wawili, kila mmoja kwa siku yake, wameniuliza kama nimeshakuandikia.

Mungu aliyemrudishia Nelson pumzi mchangani akushike mkono njiani mpaka ufike kwetu.

Ni mimi dada yako, mwenye mapenzi nawe yasiyopungua,

Anyes