Mgeni Mweupe wa Kohu

Tuatapere,
Southland, Nyuzilandi.
14 Julai

Mpendwa ndugu yangu Tawera,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. U hali gani? Kifua kimepona, au bado unameza vumbi la mgodi kutwa kucha? Sisi hatujambo. Mimi navaa soksi mbili mbili na bado sivisikii vidole vyangu. Mama yako mzima, ila magoti yanamsumbua, na unamjua, hasemi mpaka umkute ameshika ukuta.

Barua yako ya Krismasi tuliisoma sote. Umesema utakuja mwakani. Umekuwa ukisema hivyo tangu uondoke, kwa hiyo hakuna aliyetandika kitanda. Nakutania, ila si sana.

Sasa habari za farasi wako. Najua mama yako hakukuandikia, basi naandika mimi: alikuwa ameamua kumuuza Kohu. Asubuhi hapa uwanjani ni barafu tupu, na kubeba majani makavu mpaka kule kwa magoti yale si mchezo. Mimi naingia kiwanda cha mbao kabla hakujapambazuka, namsaidia jioni tu. Dougal wa Winton alikuwa aje Jumamosi na trela lake amchukue.

Alhamisi ile, mwishoni mwa mwezi wa tano, ndege akaja. Mama yako alikuwa akisuuza vikombe, akatazama dirishani, akaona ndege mweupe pe amesimama mgongoni mwa Kohu, juu ya blanketi lake la baridi, ametulia kama aliyelipa nauli. Alinipigia simu kazini akasema maneno mawili tu: kotuku amekuja.

Wewe na mimi tumekua tukisikia habari za kotuku, yule korongo mweupe wa heshima, bila kumwona. Huku kwetu mtu akimwona mara moja katika maisha yake anahesabu bahati. Kwa hiyo sikushangaa nilipofika nikamkuta mama yako getini, amevaa gauni lake jeusi la shughuli, taji la majani kichwani, akimpigia ndege wito wa kukaribisha wageni, ule ule anaowapigia wakuu wakija maraeni, uwanjani kwa ukoo wetu. Sauti yake haijazeeka hata kidogo. Kohu aliinua masikio akasikiliza mpaka mwisho. Ndege alishuka akala nyungunyungu.

Huyo nyungunyungu ndiye aliyenitia wasiwasi. Kotuku ni mvuvi, anasimama majini akivizia samaki. Huyu hana haja na maji. Kutwa anazifuata kwato za Kohu. Kohu akihamisha mguu na tope likifumuka, yeye yupo hapo hapo anadonoa. Farasi akilala, naye anasimama akingoja. Nilianza kwenda na darubini kila Jumapili, mpaka mke wangu akaniuliza kama huyo ndege ana dada ninayemfuata. Nikaona shingo ni fupi, mdomo mfupi, na mwili wote hauzidi sana wa bata.

Lakini nimetangulia habari. Jumamosi Dougal alifika na trela. Mama yako alimpa chai na mkate wa kukaanga, kisha akamwambia farasi haondoki. Mgeni ameshaitwa, yuko kwa Kohu, anakula kwa Kohu, na mwenyeji hatolewi nyumbani mgeni akiwa bado mezani.

"Mama Huhana," Dougal akasema, "yule ni ndege."

"Na wewe ni Dougal, na chai nimekupa."

Dougal alicheka mpaka akakohoa, akaondoka na trela tupu. Alisema atangoja.

Mimi sikutulia. Nilimpiga ndege picha, nikaituma kwa bibi mmoja wa makumbusho kule Invercargill anayejua mambo hayo. Jibu likaja upesi: si kotuku. Ni yangeyange, wale wanaofuatana na ng'ombe. Mama yako alikuwa amempigia wito wa heshima ndege anayekula kupe.

Nilikaa na jibu hilo wiki nzima. Nikilisema, Kohu anaondoka. Nikinyamaza, watu watalisema wao na kumcheka mama yako dukani. Mwisho nikaona ni afadhali alisikie kwangu. Nilimwambia mezani, tukila mifupa ya nguruwe na mboga. Hakuonyesha aibu wala hasira. Aliweka kijiko chini akauliza wa aina hiyo wanatoka wapi.

"Australia, Mama Mkubwa. Baridi ikianza wanavuka bahari kuja huku. Joto likirudi, mwezi wa kumi hivi, wanarudi kwao."

"Nchi ile ile aliko Tawera?"

"Ile ile."

"Na huyu amekuja peke yake?"

"Peke yake. Bibi yule anasema kwa kawaida huja kundi."

Alishika tena kijiko. Kisha akasema, "Basi sikukosea kumwita," akaendelea kula.

Kesho yake alimpigia Dougal simu. Wamekubaliana hivi: siku ndege atakapoondoka, trela lije. Hiyo ndiyo hali ya farasi wako, na safari hii neno la mama yako halirudi nyuma, kwa sababu magoti hayarudi nyuma. Mimi nitabeba majani mpaka hapo. Zaidi ya hapo ni juu yako, ndugu yangu, na mwakani itakuwa umechelewa.

Mke wangu anakusalimu, na kina Ripeka wa Orepuki pia. Tumekuwekea ndoo ya ndege wa kutiwa chumvi kutoka visiwani, wale unaowapenda, ingawa mama yako amekataza wasipikwe mgeni akiwa karibu na dirisha. Mungu akulinde huko chini ya ardhi, akutoe salama kila siku.

Jambo la mwisho, na sikutumwa kulisema. Jana nilifika mapema, mama yako hakunisikia. Alikuwa ameegemea geti, ndege yuko miguuni kwa Kohu, naye anamwambia huyo ndege taratibu kwamba asiwe na haraka, mwezi wa kumi bado mbali, ale ashibe, mtoto wa nyumba hii huenda yuko njiani.

Ni mimi nduguyo nikupendaye na ukaidi wako,
Ropata