Jivu la Mama

Jumatano, Boito

Wiki tatu zimeenda bure. Nilipanda maharagwe kwenye mikebe sita ya udongo wa shamba la chai, wenye asidi nyingi. Mitatu nikaitia jivu, mitatu nikaiacha hivyo hivyo ili nilinganishe. Leo nimepima kwa rula mara mbili. Yote yamelingana!

Kumbe ni Mama.

"Hiyo mingine ilikuwa inateseka, Chebet. Nikaionea huruma, nikaiwekea jivu pia."

Nikampandishia sauti, na sasa najuta. Lakini mwalimu anataka matokeo Ijumaa.

"Si ulitaka kujua kama jivu inasaidia?" akashangaa. "Si imesaidia?"

Imesaidia. Aliona jibu kwa macho yake kabla yangu, nami siwezi kuandika hata sentimita moja, kwa sababu hakupima.