Mteja Wangu wa Ulaya

Mtoni, Temeke
Dar es Salaam
Jumapili, baada ya misa

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Shikamoo tena, na ya tatu nakuwekea akiba, maana ukifika katikati ya barua hii unaweza ukakataa kuniitikia. Magoti yanaendeleaje? Mahindi mmeshamaliza kupukuchua? Huku sie wazima. Mkweo Herieth anakusalimu sana, na mjukuu wako ameota jino, tena keshaniuma nalo. Mie mwili mzima, ila akili ilipigwa na butwaa na mpaka leo haijasimama sawasawa. Ningepiga simu, lakini nakujua: ukibanwa unasema mtandao mbovu, unakata.

Mama, mwanao sijisifu bure. Uliza Chang'ombe nzima nani anatengeneza kitanda kisicholia, utaonyeshwa mie. Shule niliiacha kidato cha pili, lakini nimeshabishana bei na Wachina, Wahindi na Mgiriki mmoja aliyekuwa amepotea njia. Ndiyo maana nikafungua tovuti ya vitanda vyangu, pale watu wanapotazama picha na kuandika maoni. Miezi ya mwanzo hakuingia mtu hata kwa kukosea.

Halafu ulipokuja kututembelea, mambo yakageuka. Akatokea mteja anajiita Margareta wa Ulaya. Kila jioni anaandika: kitanda cha mninga kinapendeza, fundi huyu kabarikiwa mikono, wageni wengine msichelewe. Nilivimba, Mama, mpaka shati likabana. Nikaenda kwa bosi wangu Kornelio nikamwambia mwisho wa mwezi naacha kazi, nimeona fremu ya duka Mabibo, sasa nauza nje ya nchi. Akaniuliza vitanda vitavukaje bahari. Nikamjibu hayo ni maswali ya watu wasio na tovuti.

Sasa nikataka kujua Margareta yuko nchi gani hasa, nibandike bendera yake ukutani. Yuko binti mmoja, Jesca, anakaa hosteli za Mabibo, anasomea kompyuta. Nilimtengenezea rafu ya vitabu. Akaniambia ni kitu chepesi. Mtu akifungua tovuti, simu yake lazima itaje namba ya kurudishiwa majibu. Namba hiyo ndiyo anwani ya IP. Akaandika mistari michache, akaiweka kulekule kwenye seva inakokaa tovuti, siyo kwenye simu ya mgeni, kwa hiyo mgeni haoni kitu. Anayeingia, namba yake inabaki.

Jioni Margareta akaandika, namba ikabaki. Nikafungua mie mwenyewe kwa simu yangu ili nilinganishe, nione Ulaya na Mtoni zinavyotofautiana. Mama, namba ni ileile! Tarakimu kwa tarakimu. Nikazima simu, nikawasha, ileile. Nikakaa juu ya ndoo ya Herieth yenye maji. Ulaya yangu yote ilikuwa ndani ya nyumba hii ya kupanga!

Yaliyofuata uliyaona, ulikuwa uani unachambua mchele. Nilimvamia Suleiman wa chumba cha pili, nikapiga kelele kwamba Mzaramo huyu kazidisha utani, ananifanya mpaka naacha kazi. Yule bwana alinitazama kama mtu aliyeona mbuzi anaongea. Akasema yeye akitaka kumtania Mngoni anamtania usoni, hata msibani, mbele ya jeneza. Mtani gani anajificha ndani ya kompyuta? Na tena, akasema, utani gani huo wa kumsifu mtu? Wewe ukainua kichwa ukasema taratibu nimwache mwenzangu. Kesho yake ukaaga, eti kuku wako wamekosa mwangalizi. Mie sikushtuka. Mtu mwenye tovuti hashtuki upesi.

Nikarudi kwa Jesca kwa hasira. Akacheka, akaniambia namba ile haimtaji mtu, inataja mlango aliotokea. Nyumba yetu wote tunatumia kisanduku kimoja cha intaneti cha mwenye nyumba, kwa hiyo wote tunatokea na namba moja: mie, Suleiman, Herieth, na mgeni yeyote aliyelala kwetu.

Tangu ulipoondoka Margareta alinyamaza. Juzi akarudi, na namba nyingine kabisa. Safari hii aliandika hivi: vitanda vizuri, ila fundi asiache kula mchana, ana vidonda vya tumbo.

Mama! Mteja gani wa Ulaya anajua tumbo langu? Nilisoma mara nne nimeshika mdomo. Ndipo nikamkumbuka Sista Margareta wa parokiani, yule Mjerumani aliyekufundisha kushona. Nikakumbuka nani alikufundisha kutumia simu: ni mie, nikijisifu. Nikakumbuka na ule usiku nilipomwambia Herieth kwamba hakuna anayenitazama, bora nifunge tovuti; na kitanda chako kilikuwa nyuma ya pazia palepale. Kumbe ulikuwa macho.

Nililia, Mama. Herieth akadhani kuna msiba.

Kwa Kornelio nimerudi kuomba kazi yangu. Amenipokea, ila ananiita Ulaya mbele ya mafundi wote. Suleiman nimemwangukia, naye ameagiza kitanda cha binti yake Najma anayeolewa, kwa sharti nimwandike kwenye tovuti kama mteja kutoka Uswisi.

Tovuti sifungi. Lakini Jesca anasema namba za mtandao wa simu hubadilika kila mara, hivyo kwa namba sitakujua tena. Basi nakuomba, jioni ukiingia, usiseme vitanda vizuri, hilo nalijua. Niambie umekula nini, magoti yameamkaje. Na pale pa jina, mwache Sista apumzike. Andika Mama.

Wasalimie wote hapo Namtumbo, na hao kuku waliokosa mwangalizi.

Ni mimi mwanao, ninayekula mchana,
Gervas